Albamu ya kwanza ya rapa imepata 71: hiyo 71 kaitoa nani?

Rapa akitoa albamu yake ya kwanza, mabishano huanza kabla watu hawajafika wimbo wa tano. Mmoja anatuma picha ya chati: namba mbili Marekani nzima. Mwingine anatuma picha ya alama: 71 kati ya 100. Wa tatu anasema kuna mhakiki maarufu wa YouTube kaipa sifuri. Kila mmoja anamwona mwenzake mwongo, na wote watatu wanasema kweli. Ndivyo ilivyokuwa kwa The Big Day ya Chance the Rapper, iliyotoka tarehe 26 Julai 2019. Iliingia chati ya Billboard 200 katika nafasi ya pili, tovuti ya Metacritic, inayojumlisha alama za wahakiki, ikaonyesha 71, na Anthony Fantano, mhakiki wa YouTube mwenye wafuasi wengi kuliko magazeti mengi, akaipa sifuri.

Mtoto akipelekwa kliniki hupimwa uzito, urefu na joto. Hakuna mama anayesema kipimajoto kinapingana na mizani. Kwenye muziki ndipo tunapochanganya.

Nusu ya ugomvi ni wa maneno, kwa hiyo tuyaweke sawa. Mhakiki ni mtu anayesikiliza albamu na kuandika anachokiona: mistari ikoje, sauti inakaaje juu ya biti, nyimbo zimepangwaje, kipi kimezidi. Andiko lake ndilo uhakiki. Alama iliyo pembeni ni ufupisho wa andiko hilo, na mara nyingine si hata yeye aliyeiweka. Kwa Pitchfork, jarida la muziki la mtandaoni linalotoa alama kuanzia 0.0 hadi 10.0, huziamua wahariri. Alama ya jumla ni kitu kingine kabisa. Hiyo hutengenezwa na tovuti kama Metacritic, ambayo haisikilizi wimbo hata mmoja. Inakusanya alama za wengine na kupiga hesabu. Chati ni hesabu ya mauzo na usikilizaji wa wiki moja. Halafu kuna hadhi, yaani jinsi albamu inavyokumbukwa miaka 10 au 30 baadaye, na hiyo haina kipimo cha siku ya kwanza.

Na "albamu ya kwanza" yenyewe? Hapa ndipo Chance alipowachanganya watu. Kabla ya The Big Day alikuwa ametoa 10 Day mwaka 2012, Acid Rap mwaka 2013 na Coloring Book mwaka 2016. Hiyo ya mwisho ilimpa Grammy ya albamu bora ya rap, Februari 2017. Sasa mtu mwenye Grammy ya albamu bora anatoaje albamu ya kwanza miaka miwili baadaye? Jibu ni kwamba kazi zile tatu ziliitwa kanda mseto (mixtape). Kwa asili kanda mseto hutolewa bure, mara nyingi bila lebo, na kwa sababu haiuzwi, rapa wengi hawahangaiki kulipia vipande vya nyimbo za zamani walivyovichota kutengeneza biti. Deni hilo hujitokeza siku kazi inapohamia kwenye majukwaa ya kulipia. Acid Rap ilipopandishwa huko rasmi mwaka 2019, wimbo wa "Juice" haukuwemo, kwa kuwa haki za kipande kilichochotwa hazikuwa zimepatikana. Mahali pake paliwekwa ujumbe mfupi wa sauti.

Tofauti hiyo inaonekana ya makaratasi, lakini wahakiki huipa uzito. Kanda mseto hupimwa kwa jicho la huruma: ni mazoezi, ni zawadi. Ikiitwa albamu, bei ya kiingilio imepanda. Chance mwenyewe ndiye aliyeiita The Big Day albamu yake ya kwanza, na kwa kufanya hivyo aliwaalika watu wamlinganishe na kazi zake tatu zilizopendwa sana. Rapa mgeni kabisa hana mzigo huo.

Hesabu ya 71

Uzushi unaosambaa kuliko wote ni kwamba 71 maana yake wahakiki 71 kati ya 100 waliipenda albamu. Hapana. Hesabu ya namna hiyo, ya kuangalia ni asilimia ngapi walioridhika, ndiyo ya tovuti ya Rotten Tomatoes kwenye filamu. Metacritic hufanya wastani. Ikishapata walau uhakiki 4, inageuza kila alama kuwa namba kati ya 0 na 100. Nyota 3 na nusu kati ya 5 zinakuwa 70. Alama za herufi zina jedwali lake: A- ni 91, B+ ni 83, B ni 75, C ni 50. Kwa aliyesoma Tanzania jedwali hilo lina mtego, maana kwenye matokeo ya kidato cha nne 75 ni A, na C inaanzia 45. Ukiiona 71 unasoma B nzuri ya mtoto anayejitahidi. Huko ilikotoka, 71 iko chini ya B.

Kuna na jambo la pili. Metacritic huita 61 hadi 80 mapokezi mazuri kwa ujumla, na 81 kwenda juu sifa za pande zote. Ukisoma hivyo, 71 inaonekana iko katikati ya uzuri. Lakini albamu nyingi zinazofikia kuhakikiwa hukaa kwenye sabini na kitu, kwa sababu mbaya za watu wasiojulikana hazihakikiwi na yeyote; mhariri hapotezi ukurasa kumponda mtu ambaye hakuna anayemjua. Kwa hiyo kapu limeshachambuliwa kabla hujapima, na 71 ni ya kawaida tu. Kwa rapa aliyetoka kushinda Grammy, ya kawaida ni pigo.

Wastani wenyewe una mizani ya siri. Baadhi ya magazeti yanahesabiwa uzito zaidi ya mengine, na Metacritic haisemi ni uzito kiasi gani. Tuseme magazeti matatu yametoa 90, 60 na 60. Kwa wastani wa kawaida hiyo ni 70. Ikiwa lile la 90 linahesabiwa mara mbili, inakuwa 75. Alama tano zimezaliwa bila mtu yeyote kubadili mawazo.

Kikubwa zaidi ni kile ambacho wastani hukificha. Mama ntilie wa kwanza anapika pilau ambalo kila mteja analipa 70. Wa pili anapika pilau ambalo nusu ya wateja wanalipa 90 na kurudi na ndugu zao, na nusu wanalipa 50 na kuhama kibanda. Wote wawili wana 70 ukutani, na vibanda havifanani hata kidogo. Ndiyo maana anayetaka kuielewa albamu hutazama kwanza alama ya juu kabisa na ya chini kabisa, halafu anasoma maandiko hayo mawili. Yale ya katikati mara nyingi hayasemi kitu.

Alama ya mashabiki, inayowekwa pembeni kwa kiwango cha 0 hadi 10, haimo kwenye hesabu hiyo. Yeyote mwenye akaunti anapiga kura, na kwenye hip hop, ambako mashabiki wana bifu kama wasanii wao, kura za 0 na 10 hufurika kabla albamu haijaisha kuzunguka mara moja. Inapima hasira na mapenzi ya wiki hiyo. Ina faida yake, ila si uhakiki.

Urefu unaopandisha chati na kushusha alama

The Big Day ina vipande 22, nyimbo na maigizo pamoja, na dakika 77. Wahakiki wengi walilalamikia hilo: ndefu, vichekesho vya kuigiza kati ya nyimbo, wageni wengi, na habari za ndoa yake zinazorudi na kurudi. Watu mtandaoni waligeuza mapenzi yake kwa mkewe kuwa utani wa mwezi mzima, jambo ambalo kwa kweli lilikuwa la uonevu kidogo. Mtu ameoa mwezi Machi, aimbe nini Julai?

Lakini urefu huo una hesabu nyuma yake. Kwa kanuni ambazo Billboard ilikuwa ikizitumia tangu katikati ya 2018, "albamu moja iliyouzwa" iliweza kuwa nakala moja nzima, au nyimbo 10 zilizonunuliwa moja moja, au usikilizaji 1,250 wa wanaolipia jukwaa, au 3,750 wa wale wa bure wenye matangazo. Wimbo unahesabiwa ukifikisha sekunde 30. Sasa chukua albamu ya vipande 22: anayeisikiliza mwanzo hadi mwisho kaongeza hesabu 22 kwa mkupuo, na baada ya watu 57 hivi wanaolipia kufanya hivyo, albamu moja imeuzwa. Albamu ya vipande 10 inahitaji watu 125. Lebo zinaijua hesabu hii kuliko mashairi. The Big Day ilipata nafasi ya pili kwa takriban 108,000 za hesabu hiyo katika wiki yake ya kwanza, na kitu kile kile kilichoibeba kwenye chati ndicho kilichowachosha wahakiki. Hakuna maajabu hapo wala njama.

Maikrofoni 5 na nakala 59,000

Mfano unaofundisha kuliko wote ni wa zamani zaidi. Nas, rapa wa New York, alitoa Illmatic, albamu yake ya kwanza, tarehe 19 Aprili 1994, akiwa na miaka 20. Wakati huo hakukuwa na Metacritic. Tovuti hiyo ilifunguliwa mwaka 2001. Kilichokuwepo ni The Source, jarida lililoanza mwaka 1988 kama karatasi ya wanafunzi wawili wa Harvard na kukua hadi likawa ndilo mahakama ya hip hop. Lilitoa maikrofoni 1 hadi 5, na 5 zilimaanisha albamu isiyochuja. Zilitolewa kwa ubahili. The Chronic ya Dr. Dre ilipata 4 na nusu. Albamu ya kwanza ya Wu-Tang Clan, 4 na nusu. Doggystyle, albamu ya kwanza ya Snoop iliyotoka Novemba 1993, ilipata 4. Illmatic ikapewa 5, na aliyeiandika alikuwa binti mdogo tu pale ofisini, Minya Oh, akitumia jina la Shortie. Baadaye redio ya New York ilimjua kama Miss Info.

Weka Snoop na Nas pamoja uone jinsi vipimo vinavyoachana. Doggystyle, maikrofoni 4: zaidi ya nakala 800,000 wiki ya kwanza, namba moja. Illmatic, maikrofoni 5: karibu nakala 59,000 wiki ya kwanza, namba 12. Miezi mitano tu ilizitenganisha. Illmatic ilikuwa imeshasambaa kwa kanda za wizi mitaani kabla ya siku yake, haikuwa na nyimbo nyepesi za kuchezwa redioni mchana, na macho ya soko yalikuwa California, kwa kina Snoop. Ilichukua hadi Januari 1996 kufikia dhahabu, yaani nakala 500,000, na hadi Desemba 2001 kufikia platinamu, yaani milioni moja.

Basi wahakiki waliona nini ambacho soko halikukiona? Kwanza ufupi: vipande 10, dakika 40 hivi, na cha kwanza ni utangulizi. Pili maprodyuza. Desturi ilikuwa albamu ya rap kutengenezwa na mtu mmoja au kundi moja. Hapa walikusanywa DJ Premier, Pete Rock, Q-Tip, Large Professor na L.E.S., kila mmoja akaleta biti zake bora, na bado albamu ikasikika kama nyumba moja. Baada ya hapo karibu kila rapa alitaka kufanya vivyo hivyo, wengi wakaishia na gulio: kila meza ina bidhaa yake na hakuna anayejua soko linauza nini. Mgeni wa kurap alikuwa mmoja tu, AZ, na baba yake Nas, mwanamuziki Olu Dara, akapuliza koneti mwishoni mwa wimbo huo huo wa AZ.

Tatu, na hapa msomaji wa Kiswahili ana faida kuliko wengi, ni vina. Anayejua shairi la tarbia anajua kina cha kati na kina cha mwisho: mshororo umegawanyika, na kila nusu ina sehemu yake maalum ya kufunga. Rap ya mwanzoni mwa miaka ya 1980 ilitegemea zaidi kina cha mwisho. Rapa Rakim akaleta vya kati. Nas alivimwaga popote: kina kinaweza kuanza katikati ya mstari, kikaruka pigo, kikafungwa mstari unaofuata huku sentensi ikiwa haijaisha. Sikio halipati pa kutabiri, na bado kila kitu kinakaa kwenye biti. Ukiongeza kwamba alichokuwa akikieleza ni mtaa mmoja tu, majengo ya serikali ya Queensbridge huko New York, dirisha kwa dirisha, unapata kile wahakiki walichokiita uandishi. Vina vya namna hiyo havishikiki kwa kusikiliza mara moja ndani ya gari, na ndiyo sababu nyingine ya mauzo kuchelewa.

Hili linatupeleka kwenye muda, ambao siku hizi ndio chanzo kikubwa cha uhakiki mbovu. Jarida la mwezi lilihitaji maandishi wiki kadhaa kabla ya kuchapwa, kwa hiyo mhakiki alipelekewa kanda mapema. Leo albamu nyingi kubwa hazitumwi kwa mtu yeyote kwa hofu ya kuvuja. Mhakiki anaipata usiku wa manane pamoja na mashabiki, na mhariri anataka andiko ndani ya siku moja au mbili, wakati watu bado wanatafuta. Albamu ya dakika 77 utaisikiliza mara ngapi kwa muda huo kama unataka na kulala? Dalili za andiko la haraka ni rahisi kuziona: linataja nyimbo za mwanzo na ile yenye mgeni maarufu, linasimulia maisha ya msanii kwa aya nne, halitaji prodyuza hata mmoja, na mistari linayoinukuu ni ile iliyokwisha kuzunguka mtandaoni.

Wanalipwa?

Swali hili haliishi. Wengi wanafikiria bahasha. Ukweli ulio wazi zaidi ni wa wamiliki na matangazo: lebo inayonunua ukurasa wa tangazo, au msanii asiyetoa mahojiano kwa aliyemponda mwaka jana. The Source lenyewe lilipasuka kwa sababu ya namna hiyo mwaka ule ule wa Illmatic. Mmiliki, David Mays, aliingiza makala kuhusu kundi la rafiki zake, Almighty RSO, kwenye toleo la Novemba 1994 bila wahariri kujua, na wahariri kadhaa wakaondoka. Heshima ya maikrofoni 5 iliyumba miaka iliyofuata, na walioyumbisha walikuwa ndani ya jengo.

Tuzo nazo hazijazi pengo. Illmatic haikuweza kushinda Grammy ya albamu bora ya rap kwa sababu kipengele hicho hakikuwepo. Kilitolewa mara ya kwanza mwaka 1996. Nas alipata Grammy yake ya kwanza tarehe 14 Machi 2021 kwa albamu nyingine, King's Disease, na siku chache baadaye, mwezi ule ule, Maktaba ya Bunge la Marekani ikatangaza kuihifadhi Illmatic kwenye orodha ya rekodi za taifa. Jarida la Rolling Stone, katika orodha yake ya albamu 500 bora za wakati wote, liliiweka namba 400 mwaka 2003. Mwaka 2020 iliwekwa namba 44. Kanda ni ile ile, hakuna sauti iliyoongezwa. Kilichobadilika ni wapiga kura: orodha mpya iliita kundi jingine la wasanii, maprodyuza na wahakiki, wengi wao wakiwa wamekulia kwenye hip hop.

Huku kwetu Tanzania hatukuwahi kuwa na jarida lililodumu likitoa alama kwa kila albamu ya rap. Machozi, Jasho na Damu ya Professor Jay, albamu yake ya kwanza akiwa peke yake baada ya kundi la Hard Blasters, ilitoka mwaka 2001, na hakuna mtu anayeuliza ilipata ngapi. Hukumu ilitolewa redioni, kwenye daladala, na vinywani mwa watu waliokuwa wakiitikia "Ndio Mzee", wimbo wa mwanasiasa anayemwaga ahadi, kabla Jay hajamaliza ahadi hizo. Ni mapokezi kamili, yenye watoa hukumu wengi kuliko Pitchfork, ila hayakuandikwa popote, na anayetaka kuyaeleza leo inabidi awatafute waliokuwepo.

Yaliyoandikwa nayo yana ugumu wake. Gazeti hubadili mawazo: The Source liliipa Ready to Die ya The Notorious B.I.G. maikrofoni 4 na nusu mwaka 1994, baadaye likaifanya 5. Oktoba 2021 Pitchfork walirudia alama za albamu 19 walizoona walizikosea, na Discovery ya Daft Punk, albamu isiyo ya rap, ikaruka kutoka 6.4 hadi 10. Metacritic huishikilia alama ya kwanza iliyochapishwa na haipokei masahihisho ya namna hiyo. Kwa hiyo wahakiki wote walioiandika The Big Day mwezi ule wa Julai wanaweza kesho kuamka wanaipenda, na 71 itabaki pale pale.